Kelele kali yenye kina inapatikanaje? Yangu inatoka bapa

mvumo_wa_chini ameandika:

Wakuu salaam,

Naombeni msaada kwa jambo ambalo limenikaa kichwani muda mrefu. Natengeneza muziki wa kelele kwa vifaa vichache: mikisa ndogo ya chaneli nne, pedali mbili za distoshoni (za kuikwaruza na kuichafua sauti), moja ya mwangwi, sintesaiza ndogo, na kidude cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, nilichokilehemu mwenyewe nikakibandika kwa gundi kwenye kipande cha bati. Nagonga bati, nalikwaruza kwa msumari, nalikunja taratibu mpaka lilie. Piezo inaingia kwenye mikisa, mikisa inatoka kwenda kwenye pedali, pedali zinaingia kwenye kompyuta.

Ninachokitafuta nakijua nikikisikia. Sitaki kelele ya kumpiga msikilizaji kofi halafu basi, wala sitaki ile ambienti laini ya kulalia. Nataka iwe kali kweli kweli, lakini ukikaa nayo dakika chache uanze kugundua kwamba ina mbele na nyuma, kuna kitu kinapita kwa mbali, kuna kingine kinapanda na kushuka chini kabisa. Kazi ninayoirudia sana ni Limen, albamu ya KMRU na Aho Ssan ya 2022. Mle mna sehemu ambazo spika zinaelekea kuzidiwa, na bado unajiona umesimama mahali papana.

Yangu inatoka bapa. Inakugonga kwenye paji la uso mwanzo mpaka mwisho. Nimejaribu kuweka mvumo wa sintesaiza chini yake na kuupa mwangwi mwingi, lakini nasikia vitu viwili visivyojuana, kama redio mbili zilizofunguliwa chumba kimoja.

Je, shida ni vifaa, ni mpangilio wa pedali, au ni kazi inayofanyika baadaye kwenye kuchanganya? Kuna mtu amenishauri niongeze sauti tu, eti kelele ikishakuwa kubwa vya kutosha kina kinakuja chenyewe. Nina mashaka na hilo.

Nawasilisha.

---

tepu_chakavu amejibu:

Mkuu, karibu sana, na nimefurahi kuona mtu anauliza swali hili. Usinunue kitu. Ulivyo navyo vinatosha na vingine vinabaki.

Hapo uliposema unaweka mvumo "chini yake" ndipo penye shida yako. Kelele umeshaimaliza, imekamilika, ndipo unaitandikia kitu laini. Kwa njia hiyo havitakutana hata ukifanya nini. Kina lazima kianze kabla ya distoshoni, vitu vikiwa bado vidogo na dhaifu.

Tuanze na pedali. Naamini umeweka distoshoni mbili kwanza na mwangwi mwishoni, maana ndivyo wapiga gitaa wanavyofundishwa. Kwa gitaa ni sawa. Kwako, mwangwi unaipokea kelele ikiwa imeshajaa pomoni, haina mwanzo wala mwisho. Mkia wa mwangwi husikika pale sauti inapokatika. Ukiulisha kitu kisichokatika, utapata ukungu tu na kelele itabaki pale pale ilipokuwa.

Geuza mpangilio: mwangwi mrefu kwanza, distoshoni baadaye. Kisha gonga bati mara moja tu, uache mkono. Distoshoni inakata vichwa vya sauti kubwa na kuzinyanyua zile ndogo, kwa hiyo mkia uliokuwa unafifia unapandishwa mpaka karibu usawa wa kipigo chenyewe. Utasikia chumba cha mwangwi chenyewe kikiwa ndicho kinachounguruma, na bati limepotea humo. Sikiliza mwisho wa mkia hasa. Pale unapokaribia kwisha, distoshoni inaanza kukosa cha kushika, inakatika na kurudi, inatema vipande vipande. Mimi nikipata sehemu hiyo huwa naacha kila kitu kingine na kuifanyia kazi hiyo peke yake.

Sasa ule mvumo wa sintesaiza. Uingize kwenye mikisa pamoja na bati, halafu vyote viwili vipite kwenye distoshoni moja. Hapa ndipo redio zako mbili zitakuwa kitu kimoja, na kuna sababu ya kifizikia. Sauti mbili zikipita pamoja kwenye distoshoni, huwa hazitoki mbili tu. Inatoka pia jumla ya masafa yao (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi) na tofauti yao. Ukiingiza hezi 300 na hezi 340, unaweza kupata hezi 40 na hezi 640 ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Ile hezi 40 ndiyo hicho kitu unachokisikia kinapanda na kushuka chini kabisa kwenye kazi za wenzetu. Zungusha nobu ya sintesaiza kidogo sana, iwe 342 au 338, na hiyo sauti ya chini inahama. Tena zinasukumana: ukigonga bati kwa nguvu mvumo unazama, bati likinyamaza mvumo unainuka. Zikitengana kwenye pedali, hutalipata hilo kwenye programu hata ukikesha.

Kuhusu paji la uso. Kelele nyeupe ina nguvu sawa kwa kila hezi, maana yake kila oktavu, yaani hatua ya masafa kuongezeka maradufu, inabeba nguvu mara mbili ya iliyo chini yake. Na sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya kilohezi 2 na 5 hivi. Distoshoni mbili zikifuatana zinarundika mzigo wote kwenye eneo hilo hilo, ndiyo maana unasikia kitu kimoja kinachochoma. Punguza hapo kwa filta pana, desibeli 4 au 5, usiogope. Ukali hautaondoka. Utashangaa vitu vingapi vilikuwa nyuma yake.

Na umbali? Sikio linautambua kwa dalili zake. Hewa hunyonya masafa ya juu kabla ya ya chini, kwa hiyo kitu cha mbali hufika kimefifia kwa juu. Sauti ya moja kwa moja hupungua, mwangwi hubaki. Ncha ya kipigo hulainika. Basi chukua rekodi moja ya bati na uifanye mara tatu: moja kavu, yaani bila mwangwi, kali, uso kwa uso. Ya pili ikatwe juu ya kilohezi 2 na iwe na mwangwi. Ya tatu ikatwe juu ya hezi 400, ibaki ngurumo tu. Usizicheze zote muda wote. Ile kavu iingie mara chache, maana kilicho karibu ndicho kinachofanya kingine kiwe mbali.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko pedali yoyote. Cheza kelele yako kwenye spika ndani ya chumba kitupu, weka mikrofoni nje ya mlango, rekodi upya. Alvin Lucier mwaka 1969 aliijenga kazi nzima hivyo: alirekodi sauti yake akizungumza, akaicheza chumbani, akairekodi tena, akarudia na kurudia mpaka maneno yakayeyuka na kubaki milio ya chumba chenyewe. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo. Mzunguko mmoja au miwili, kisha ichanganye na ile ya asili.

Na kabla hujarudi kwenye vifaa, mtafute Halim El-Dabh. Mwaka 1944, Cairo, aliazima mashine ya kurekodi kwenye waya wa chuma kutoka kituo cha redio, akarekodi sherehe ya wanawake ya zar, ibada ya kutuliza mapepo, akairudisha studio. Akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi, akaondoa sauti za msingi, zikabaki zile za juu zinazoelea. Miaka minne baadaye ndipo Pierre Schaeffer aliporusha masomo yake ya kelele kwenye redio huko Paris. Watu wengi wanaanza historia na Schaeffer, au na Russolo na mashine zake za kelele za 1913, na huyu wanampita. Inaniuma, kwa sababu kwenye kazi yake kuna jibu la swali lako: sauti za watu wengi zimebaki na nafasi kubwa katikati, na nafasi hiyo aliipata kwa kuondoa.

---

ukuta_mmoja amejibu:

Dada tepu umefundisha vizuri sana, nimeihifadhi hiyo ya hezi 40. Ila nina jambo moja la kupinga.

Kwa nini bapa iwe kasoro? Kuna watu wameitafuta hiyo kwa makusudi. Vomir wa Ufaransa anatengeneza ukuta wa kelele usiobadilika, hauna mwanzo wala kilele, na kwenye maonyesho yake hadhira hupewa mifuko ya kujifunika vichwa. The Rita wa Kanada naye amefika mbali kwenye mambo hayo. Ukikaa mbele ya ukuta kama huo dakika ishirini, sikio lako linaanza kufanya kazi lenyewe. Unasikia mdundo ambao haupo, unasikia sauti za watu, unasikia kitu kinazunguka. Kina kinatoka kwa msikilizaji. Mvumo_wa_chini, kabla hujaanza kukata na kupanga tabaka, tengeneza ukuta mmoja tu, mrefu, na uusikilize wote bila kugusa kitu. Nakuomba sana. Mtu asiyeweza kukaa na bapa huwa anajaza tabaka kwa woga.

Hata hivyo, nikupe kitu cha kiufundi ambacho hakijasemwa. Ukichukua kelele moja ukaiweka kushoto na kulia sawasawa, inakaa katikati ya kichwa kama nukta. Ukiweka kelele mbili tofauti, zilizorekodiwa mara mbili kwa mpangilio ule ule wa pedali, moja kushoto na nyingine kulia, hazifanani hata kwa sehemu ya sekunde. Sikio linashindwa kuzikusanya mahali pamoja, na ghafla una upana wa ukumbi. Haihitaji mwangwi wowote. Rekodi bati mara mbili, usinakili faili.

---

tepu_chakavu amejibu:

@ukuta_mmoja nakubali kuhusu kusikiliza, na hiyo ya kurekodi mara mbili ni dhahabu. Lakini yeye hajaomba ukuta. Ametaja Limen, na Limen inasafiri. Ukuta wa Vomir na kazi ya aina hiyo vinadai vitu viwili tofauti kwa mtengenezaji: kwenye ukuta unajizuia, huku unaamua kila wakati nini kiwe karibu. Nampenda Merzbow wa Japani vilevile, Pulse Demon ya 1996 bado naiweka, na hiyo haina umbali hata chembe, yote iko usoni, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

---

sikio_la_kushoto amejibu:

Nimekuja kwa ajili ya sentensi moja tu, ile ya "ongeza sauti kina kitakuja chenyewe". Ndugu yangu, ushauri huo uutupe.

Nina mlio kwenye sikio la kushoto. Haukomi, mchana wala usiku. Ulianza baada ya onyesho moja nililokaa upande wa spika tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mwandaaji aliyegawa vizibo vya masikio. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inapendekeza isizidi saa 8 kwa desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni dakika 15. Kelele kali ni mbaya zaidi kuliko muziki wa kawaida kwa sababu haina mapumziko, sikio halipati hata nusu sekunde ya kupoa.

Lakini hata ukiacha afya, ushauri ule ni mbaya kwa kazi yenyewe. Sauti ikiwa kubwa, sikio linasikia masafa ya chini vizuri zaidi kuliko ikiwa ndogo. Hilo limepimwa tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo ukiongeza sauti utasikia upana na ngurumo ambavyo havimo kwenye rekodi, umepewa na sikio lako. Kesho yake ukiicheza kwa sauti ya kawaida, vimetoweka.

Mimi sasa nachanganya kelele kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu akizungumza nami namsikia. Kama mbele na nyuma zinatofautiana kwa sauti hiyo, basi zipo kweli. Mwishoni tu naipandisha kwa dakika chache kuona inavyokaa. Na ukicheza na fidibeki ya mikisa, ile ya kurudisha tundu la kutokea kwenye tundu la kuingilia, weka limita, kile kizuizi kisichoruhusu sauti kupita kiwango, kabla ya hedifoni. Bila utani. Fidibeki huruka kutoka kimya hadi mwisho wa nguvu kabla mkono haujafika kwenye nobu.

---

mvumo_wa_chini ameandika:

Wakuu, shukrani zisizo na kifani. Nimegeuza pedali kama dada tepu alivyoelekeza, na ule mkia unaotema vipande nimeusikia. Nimekaa nao jioni nzima. Nimerekodi bati mara mbili pia, kushoto na kulia, na upana umekuja papo hapo.

Yamebaki mawili. Kwanza, nikipitisha bati na mvumo kwenye distoshoni moja, vinashikana kweli, ila chini kunakuwa matope: ngurumo inameza kila kitu, halafu bati lenyewe linasikika jembamba, kama halina mwili. Pili, sijui nipange vipi muda. Kila nikitengeneza kipande cha dakika kumi najikuta napandisha taratibu hadi kilele halafu nashusha. Kila mara njia ile ile.

---

tepu_chakavu amejibu:

Safi sana. Twende kwa zamu.

Bati jembamba nalijua linatoka wapi, maana ulisema piezo inaingia kwenye mikisa moja kwa moja. Piezo ni kidude chenye tabia ya kapasita, kile kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, na kinataka tundu lenye ukinzani mkubwa. Piezo ya kawaida ya nanofaradi 20 hivi ukiichomeka kwenye tundu la mikisa la omu 10,000, inaanza kupoteza kilicho chini ya hezi 800, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyopoteza zaidi. Mwili wote wa bati umeuacha kwenye kebo. Ichomeke kwenye tundu la omu milioni 1 na mpaka huo unashuka hadi hezi 8. Huna haja ya kununua: pedali nyingi za gitaa zina ukinzani mkubwa wa kuingilia, kwa hiyo piezo iende kwenye pedali ya mwangwi kwanza, ndipo uingie kwenye mikisa. Ndio mpangilio ule ule wa mwangwi kwanza, umepata faida mbili.

Ukifanya hivyo matope yatazidi kidogo, usishtuke. Sauti za chini hufunika za juu kuliko za juu zinavyofunika za chini, na distoshoni inatumia nguvu zake zote kwenye kile kilicho kikubwa zaidi, ambacho ni ile ngurumo. Kwa hiyo kata kila kitu chini ya hezi 100 kabla ya distoshoni. Hezi za chini zitazaliwa upya ndani yake, zile za tofauti nilizokueleza, na hizo zinatembea pamoja na kelele. Ukiona bado unahitaji chini zaidi, chukua mvumo wa sintesaiza ukiwa safi, bila distoshoni, na uurudishe kwa kiasi kidogo mwishoni. Kidogo kweli. Uzime ndipo ujue ulikuwepo.

Kuhusu muda. Hicho kilele kinakuja kwa sababu unaendesha kila kitu kwa mkono mmoja, na mkono unajua njia moja. Brian Eno kwenye Music for Airports ya 1978 alikuwa na vipande vya tepu vya urefu usiolingana. Kimoja kilirudi kila sekunde 23 na nusu, kingine karibu sekunde 26, kingine karibu 30. Kwa kuwa havigawanyiki kwa usawa, mkutano wa sauti mbili ukishapita hauji tena kwa namna ile ile. Watu wanaichukua mbinu hiyo kuwa ya ambienti tulivu peke yake. Ifanye kwa kelele yako: ile kavu ya karibu iwe mzunguko wa sekunde 97, yenye ukimya mrefu ndani yake. Ya kati sekunde 61. Ngurumo sekunde 43. Ziachie dakika ishirini, usiguse kitu, urekodi. Kuna mahali zote tatu zitagongana na itakuwa kali kuliko kilele chochote ulichopanga, na kuna mahali itabaki ngurumo pekee kwa muda ambao wewe mwenyewe usingethubutu kuuacha. Kata kipande ukipendacho kutoka humo.

Sikiliza pia Ravedeath, 1972 ya Tim Hecker, ilitoka 2011. Ogani ilirekodiwa kanisani Reykjavik, kisha ikavunjwavunjwa. Fuatilia pale ogani inapoanza kutoweka ndani ya kelele: husikii mahali pa mpaka, kwa sababu vyote viwili vimepitia chumba kimoja.

Ukishapata hizo dakika ishirini, zipandishe hapa. Iwe wav ya biti 24, usiibane kwa limita wala kuipandisha, acha kilele chake desibeli 6 chini ya mwisho ili tuweze kuisikia ilivyo. Na utuambie pedali ya mwangwi ni ya aina gani, maana nyingine huingiza kelele yake zikipandishwa hivyo, na hiyo nayo tunaweza kuitumia.